AC ya Hilux ya zamani: usitie gesi kabla hujaona inapovujia

Ndugu uliyeuliza kuhusu Hilux ya 1993 inayopuliza joto, na fundi anakwambia "tutie gesi tu": subiri kwanza. Yangu ni ya 1991, huiendesha Kisumu hadi Ahero karibu kila siku, na saa nane mchana kule uwanda wa Kano ukifunga vioo unajipika mwenyewe. Nilitia gesi mara mbili. Ya kwanza ilikaa wiki tatu, ya pili hata mbili haikufikisha. Nilikuwa najaza maji kwenye pakacha.

Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama dizeli. Ikipungua, imetoka mahali, na hutoka na mafuta ya kompresa (pampu inayosukuma gesi), kwa hiyo vumbi hugandia pale pale. Fungua boneti, washa tochi, pitisha kidole kwenye maungio ya mabomba. Changu kilitoka cheusi na kinateleza, pale bomba linapoingia kwenye kondensa, ule wavu wa kupoza gesi ulio mbele ya rejeta. Mzee mmoja fundi karibu na soko la Kibuye akaingiza gesi ya naitrojeni kwenye mabomba, akapaka povu la sabuni, na vipovu vikaanza kutokota kama uji. Ringi ya mpira ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kifungo cha shati. Kitu cha bei ya soda!

Sasa angalia kibandiko chini ya boneti. Magari mengi ya miaka hiyo yalitoka kiwandani na R-12, gesi iliyoondolewa sokoni baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Kama ni hiyo, unahamia R-134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Mafuta ya zamani yamwagwe, maana hayachanganyiki na gesi mpya na kompresa itasagika. Tia mafuta ya kompresa ya aina ya esta. Badilisha ringi zote na drayer (kichujio kinachonyonya unyevu) pia, kwani ikishakaa wazi huwa imenyonya unyevu. Kiasi cha gesi mpya kiwe asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa, kipimwe kwa mizani. Anayejaza kwa kushika bomba aone kama limepoa, mwambie kwaheri. Na akikutajia gesi ya kupikia, ondoka mbio, hiyo inashika moto.

Kabla ya kujaza lazima fundi avute hewa yote ndani ya mabomba kwa pampu. Hapa ndipo wengi huruka. Yule mzee aliwasha pampu dakika 45, akafunga geji, tukaenda kula samaki. Tuliporudi mshale ulikuwa haujasogea, yaani hapavuji tena, ndipo akajaza. Maji yakibaki ndani huganda kwenye valvu nyembamba inayopitisha gesi, na huzaa asidi inayokula mabomba.

Nikadhani nimemaliza, kumbe bado hewa ilikuwa vuguvugu. Kebo ya valvu ya hita ilikuwa imelegea, maji ya moto ya injini yanapita ndani ya dashibodi na kuharibu baridi yote. Jaribu hili hata leo, ni bure: bana taratibu ile hozi ya hita kwa koleo lililofungwa kitambaa, usikie kama hewa inabadilika. Halafu toa kile kisanduku cha dashibodi, uchungulie evaporeta, ule wavu unaopoza hewa ya ndani. Yangu ilikuwa na kiota cha panya, pamoja na nusu ya risiti ya mbolea.

Ukishakiona kibandiko, rudi useme kimeandikwa gesi gani na gramu ngapi.