ULIZA UJIBIWE: Theluji, chumvi ya barabarani na pipa lililoachwa

SWALI: Ami, asalaam alaykum. Mwanangu kaenda kusoma Kanada, mji mdogo tu huko Ontario, basi kila nikimpigia simu hadithi ni theluji tu. Juzi kanambia gari ya mwenzake wanaekaa nyumba moja imevutwa na brekdauni usiku, kosa lake eti imelala barabarani, wala haikuwa mbovu wala haikumgonga mtu. Tena pipa lao la taka likaachwa palepale na wenyewe walilitoa nje. Hivi kweli au mtoto ananifanyia maskhara? Mama wa Wete, Pemba.

JAWABU: Waalaykum salaam dada yangu. Hakufanyii maskhara, yote mawili ni kweli na yote mawili yana sababu moja.

Nianze na gari. Miji mingi ya Ontario ina sheria ya msimu wa baridi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi au Aprili gari haitakiwi kulala barabarani usiku, na sehemu nyingi hata kama siku hiyo theluji haikuanguka sheria iko palepale. Maana lile gari la kusukuma theluji linapita usiku wa manane watu wamelala, mbele lina bapa la chuma refu limekaa mshazari, theluji inamwagwa upande mmoja wa njia. Sasa likikuta gari imeegeshwa dereva hana budi aizunguke, na pale alipozunguka panabaki rundo, likipitiwa na magari mawili matatu na usiku wa baridi kali basi kesho yake hilo huliondoi kwa chepe, utafute sururu. Ndo maana hawabembelezi, wanaivuta na faini juu.

Minneapolis kule Marekani wana utaratibu niliupenda sana, ingawa ule si mji mdogo. Wakitangaza dharura ya theluji inakuwa siku tatu. Usiku wa kwanza zinasafishwa barabara kubwa, siku ya pili hairuhusiwi kuegesha upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa iliobaki, siku ya tatu ni zamu ya witiri. Mtu akiangalia namba ya mlango wake tu kashajua gari aipeleke wapi, hapigi simu kwa mtu.

Na mie hapo ndo naona kazi yao ilipo, si kwenye mashine. Mashine wanazo ndio, lakini kikubwa ile orodha imeshaandikwa kabla theluji haijaanguka: kwanza njia kuu, za hospitali, za zimamoto, za basi na vilima, halafu mitaa, na vichochoro mwisho. Unajua wewe ni wa ngapi. Sie masika tunajua yanaingia Machi, yalikuja mwaka jana na mwaka wa juzi na babu zetu waliyakuta, lakini mara nyingi mtaro unaanza kuzibuliwa maji yameshaingia ukumbini.

Haya, pipa. Mwambie mwanao aangalie walipoliweka. Kosa kubwa la wageni ni kulipandisha juu ya rundo la theluji pembeni mwa njia, sasa magari mengi ya taka yana mkono wa chuma unaotoka ubavuni kulikamata pipa, likiwa juu ya rundo mkono haulifikii au linapinduka. Jengine ni kulitoa usiku, gari la theluji likipita linalizika au linalisukuma. Litolewe asubuhi mapema, palepale penye njia ya kuingizia gari nyumbani palipochepwa, kifuniko kimefunga. Halafu kuna jambo la mabaki ya chakula, mji ukiwa na pipa lake maalumu la mabaki, yakiwa na majimaji yanaganda chini yanashika kama saruji, gari linalipindua, linalitikisa, hakitoki kitu, na mfanyakazi hana muda wa kuingiza mkono. Aweke magazeti au mfuko wa karatasi chini kwanza, na maji ya mchuzi ayachuje.

Halafu siku nyengine haikuwa kosa lao kabisa. Theluji ikizidi gari la taka linachelewa, na New York ndo zaidi maana idara ya usafi ndo hiohio yenye kazi ya theluji, malori ya taka yanafungwa mabapa mbele yanakwenda kusukuma theluji, kwa hivyo taka zinasubiri.

SWALI: Mie dereva wa daladala, njia ya Mwanakwerekwe. Nasikia huko barabarani wanamwaga chumvi, si zinaoza gari? Na kama wanataka chumvi si tuwauzie ya Pemba?

JAWABU: Zinaoza ndugu yangu, tena vibaya. Chumvi inafanya maji yagande kwenye baridi kali zaidi kuliko kawaida, kwa hivyo barafu iliyokwishaganda inayeyuka na inaacha kushikana na lami, bapa linaikokota. Lakini ina mwisho wake, baridi ikishuka chini ya sifuri kama digrii 9 hivi chumvi ya kawaida inakuwa goigoi, hapo wanachanganya na kloridi ya kalsiamu ambayo inavumilia zaidi, au wanaacha kabisa habari ya kuyeyusha wanamwaga mchanga ili tairi zishike tu. Siku hizi wengi wanapiga maji ya chumvi kabla theluji haijaanguka, utaiona lami kavu ina michirizi meupe, na inatumika chumvi kidogo kuliko kungoja mpaka igande. Milwaukee mwaka 2013 walijaribu hata maji ya chumvi yanayobaki viwanda vya jibini, huko Wisconsin jibini linatengenezwa kila pembe na maji yale yalikuwa ya kutupwa.

Biashara yako ya Pemba sikukatishi tamaa lakini bei utaiweza? Palepale Ontario kuna mji mdogo unaitwa Goderich, una mgodi wa chumvi chini ya ziwa Huron, zaidi ya mita 500 kwenda chini, na ndo mgodi wa chumvi wa chini ya ardhi mkubwa kuliko yote duniani.

Ila swali lako la kuoza linakuhusu wewe hapohapo Unguja. Hizi gari tunazoletewa kutoka Japani, zipo zilizotembea kaskazini ya huko, Hokkaido, na huko pia wanamwaga dawa hizi njiani. Juu inang'aa, ndani inanukia, chini chesesi imeliwa. Kabla hujatoa pesa imulike chini na tochi, gusa mabomba ya breki na pale spring zinapofungwa, ukiona kutu inabanduka magamba muachie mwenyewe.

Na mashimo wanayo, usidhani wenzetu hawana. Maji yanaingia kwenye ufa wa lami, yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, yanapasua, mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena. Ikifika Machi lami imechimbika, na mara nyingi wafanyakazi walewale waliokuwa wakiendesha magari ya theluji ndo wanaoziba.

SWALI: Ami, kwani wasipashe moto barabara wakapumzika? Kijana wa Jang'ombe.

JAWABU: Unacheka lakini ipo. Mji mdogo wa Holland, jimbo la Michigan, tangu 1988 wamezika mabomba chini ya njia na sehemu za kupita watu katikati ya mji, yanapita maji ya moto, na moto wenyewe ulikuwa ule unaopotea bure kwenye kituo cha kuzalisha umeme. Theluji ikigusa chini inayeyuka, wenye maduka wanafurahi. Reykjavik, Iceland nao wanatumia maji ya moto ya ardhini yakishapasha nyumba za watu, yanarudi yana uvuguvugu yanapitishwa chini ya njia. Lakini ni katikati ya mji tu, ukitaka upashe kila mtaa utafilisika, na huna joto la bure la kutosha.

SWALI: Na wanaokwenda kwa miguu je? Watoto wa skuli? Mwalimu, Chake Chake.

JAWABU: Mwalimu umegusa penyewe. Kwa miaka mingi karibu kila mji ulianza na njia za magari, njia za miguu mwisho. Mji mdogo wa Karlskoga, Uswidi, wakakaa wakajiuliza nani anaeumia, wakaona wanaoteleza na kuvunjika mikono wengi ni wenda kwa miguu kuliko wenye magari, na wanawake ndo wanaotembea zaidi, anampeleka mtoto chekechea kisha anakwenda kazini. Na kusukuma kigari cha mtoto kwenye theluji ni kazi kuliko kuipita na gari. Wakageuza orodha: chekechea na njia za miguu na baiskeli kwanza, barabara kubwa baadae. Stockholm wakaiga, Novemba 2016 ikaanguka theluji isiyo ya kawaida kwa mwezi ule, mji ukakwama, watu wakalaumu utaratibu mpya. Mie naona lawama ile haikuwa ya haki, theluji nyingi vile ingekwamisha orodha yoyote.

Hapa kwetu mvua ikinyesha mtoto wa skuli anavua viatu anavishika mkononi, anapita ukingoni mwa lami, daladala inamrushia maji ya tope mpaka kwenye buibui. Sijawahi kusikia mtaro wa njia ya skuli ukiwekwa wa kwanza kuzibuliwa, na mkutano wa shehia ndo pahala pa kulisema hilo, tena liandikwe.

SWALI: Theluji yote hio inakwenda wapi? Msomaji, Mkoani.

JAWABU: Kwenye mitaa inabaki pembeni mpaka iyeyuke. Katikati ya mji inapakiwa kwenye matipa inapelekwa uwanja maalumu, inakaa kilima kizima na nyengine haimaliziki mpaka kiangazi kiingie. Ikiyeyuka ndo unaona taka za miezi minne, vikombe, glavu za mkono mmoja, vichungi vya sigara, na ule mchanga wote, ndo unapita mtambo wa kufagia mtaa kwa mtaa. Zamani miji mingi ilikuwa inaimwaga mtoni au ziwani, sasa wengi wamekatazwa kwasababu ina chumvi, oili ya magari na hizo taka.