Kiyoyozi cha Ukubwa Gani Kinafaa Sebule Yetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, sebule yetu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, dari yake ni ya kimo cha kawaida, na dirisha kubwa linatazama magharibi. Jioni hukaa humo watu watano. Muuzaji ananishauri ninunue kiyoyozi cha BTU 24,000 kwa kuwa kitapoza upesi, ilhali fundi anasema ni kikubwa mno. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize fundi wako. BTU zinazotajwa kwenye kiyoyozi hupima joto ambalo mashine inaweza kuliondoa chumbani kwa saa moja, na wanunuzi wengi huamini kwamba zikizidi, raha nayo huzidi. Sivyo hata kidogo. Kiyoyozi hupoza hewa na pia huikausha, na kazi hii ya pili haitaki haraka, kwa sababu hewa sharti ipite tena na tena kwenye mabomba ya baridi hadi unyevu wake ugeuke matone na kutiririka nje. Mashine iliyokizidi chumba hufikia nyuzi ulizoipangia kwa dakika chache, ikajizima matone yakiwa bado yameng'ang'ania kwenye mabomba, na sehemu ya unyevu huo hurudi ndani. Mnabaki mmekaa kwenye baridi huku ngozi inanata, na kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza, huchakaa mapema kwa kuwaka na kuzima kila mara.

Sasa tupige hesabu. Kwenye maeneo ya joto, makadirio ya kuanzia ni takriban BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Sebule yenu ina mita za mraba 20, kwa hiyo tunapata 12,000. Jua la alasiri linalopiga dirisha la magharibi huongeza kama asilimia 10, yaani 1,200. Makadirio hayo huhesabu watu wawili, na kila anayezidi huongezewa 600, hivyo watatu waliobaki wanaleta 1,800. Jumla ni 15,000. Dari ingekuwa ndefu kupita kawaida, au jiko lingekuwa humo humo, tungeongeza zaidi.

Madukani vipimo vilivyozoeleka ni 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Cha 12,000 kitafanya kazi mfululizo siku za joto kali bila kuwatosheleza, kwa hiyo ningechagua cha 18,000, ila kiwe cha inveta, ambacho kompresa yake hupunguza kasi chumba kikishapoa badala ya kuzima kabisa. Aidha, tundikeni kivuli nje ya dirisha lile, kwani pazia la ndani hulizuia jua likiwa limekwisha kupenya kioo, na joto lake limeshaingia.