Barua kwa mwanangu: kuanzishiwa uchungu wiki ya 38

Kisumu

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini daktari wako hapo Nakuru anataka uanzishiwe uchungu ukifika wiki ya 38, ilhali kisukari chako cha ujauzito unakidhibiti kwa chakula tu, na jirani yako mwenye shida hiyohiyo aliachwa hadi uchungu ukaja wenyewe. Jina la ugonjwa halitoshi kujibu hilo. Jibu liko kwenye daftari lako la sukari, na kwenye umri wa kweli wa mimba.

Fungua daftari. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kiwe chini ya 5.3 (mmol/L). Saa moja baada ya kula kiwe chini ya 7.8, au saa mbili baadaye chini ya 6.7. Anayekaa hapo bila dawa, presha yake nzuri na mtoto akikua sawa, mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani unamruhusu kungoja kuanzia wiki 39 hadi wiki 40 na siku 6. Waingereza nao wanaweka ukomo huohuo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 lilisema kwamba kisukari cha ujauzito kikiwa ndiyo kasoro pekee, uchungu usianzishwe kabla ya wiki 41. Mwenye kutumia dawa za kushusha sukari, yaani insulini au metformini, na sukari imetulia, Wamarekani humzalisha akishatimiza 39, kabla ya 40. Wiki ya 37 na 38 huzungumzwa pale sukari inapokataa kushuka, au pakiwa na tatizo jingine juu yake.

Kwa hayo uliyoniandikia, 38 naiona mapema. Ila usikatae kabla hujauliza: "Daktari, umeona nini kingine?" Huenda ni presha, maji mengi tumboni, mtoto mkubwa, au vile vipimo vya asubuhi unavyovipita haraka. Usiku ini lenyewe humwaga sukari kwenye damu, hata kama jioni ulikula omena, sukuma wiki na ugali wa ukubwa wa ngumi. Ndiyo maana mtu hula vizuri kabisa na kipimo cha asubuhi bado kikapanda.

Hofu ya madaktari ina msingi. Sukari yako hupita kwenye kondo la nyuma, lakini insulini ya mwili wako, ile inayoshusha sukari, haipiti, kwa hiyo mtoto hutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi. Insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani na kifuani. Kichwa kinatoka, bega linakwama. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 1993 ulifuata wanawake 200 waliokuwa wakitumia insulini. Walioanzishiwa wiki ya 38 walipata watoto wakubwa 10 katika kila 100, waliongojewa wakapata 23. Bega lilikwama kwa 3 katika 100 ya waliongojewa, na upasuaji haukuongezeka kwa walioanzishiwa. Lakini angalia: hao walikuwa wa insulini. Wewe si mmoja wao.

Upande wa pili, insulini hiyohiyo huchelewesha mapafu ya mtoto kukomaa. Akitolewa mapema anaweza kuhema kwa shida na kupelekwa chumba cha watoto wachanga.

Sasa tarehe, na hapa ndipo watu wengi huumia. Skani ya kabla ya wiki ya 14 hukosea kwa siku chache tu, takriban wiki moja. Ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea wiki 3. Tena mtoto aliyenenepeshwa na sukari, akipimwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekua, huonekana mkubwa kuliko umri wake, na mashine humwandikia wiki asizokuwa nazo. "Wiki ya 38" ikawa kumbe ni ya 36. Uzito nao ni wa kukisia: skani ikisema kilo 4, huenda ni 3.4 au 4.6. Upasuaji wa kupangwa huanza kujadiliwa makadirio yakifika kilo 4.5.

Mkikubaliana kuanzisha, kwanza watapima mlango wa kizazi: umefunguka kiasi gani, umelainika, umefupika, unaelekea wapi, na kichwa kimeshuka hadi wapi. Ukiwa mgumu, huandaliwa kwa puto la katheta linalojazwa maji mililita 30 hadi 60, au kwa misoprostoli, mikrogramu 25 za kunywa kila baada ya saa 2. Kidonge cha kawaida ni mikrogramu 200. Kukikata kwa wembe ni kubahatisha, maana hata robo yake ni 50. Njia safi ni kukiyeyusha katika mililita 200 za maji, muuguzi akupimie mililita 25 za maji hayo. Hilo ni la wodini, si la nyumbani hata siku moja. Mwenye kovu la upasuaji hapewi kabisa, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, ingoje angalau saa 4 tangu dozi ya mwisho. Uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10, sema kwa sauti.

Jiandae kwa siku nzima au mbili, na usikubali ifanyike mahali pasipo na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Kituo cha afya hakifai kwa hili. Tafuta hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu. Sukari yako ipimwe kila saa, ibaki kati ya 4 na 7, maana ikipanda wakati huo ya mtoto huporomoka baada ya kuzaliwa. Mpe mtoto dang'a, yale maziwa yako ya kwanza, ndani ya saa ya kwanza, halafu kila saa 2 hadi 3. Wamchome kisigino wapime, wakipata chini ya 2.6 watakuambia la kufanya. Usitoke kabla ya saa 24, hata shangazi zako wakipiga simu kuuliza uji uchemshwe lini.

Na ukingoja, mtoto akipunguza kucheza unaenda hospitali siku hiyohiyo, hata daftari likiwa zuri namna gani.

Leo jioni itafute ile karatasi ya skani ya kwanza, iko nyuma ya kijitabu cha kliniki. Nisomee kwa simu tarehe yake na wiki zilizoandikwa, tuhesabu pamoja kabla hujaenda Jumatatu.

Mama yako