Kabla hujanunua kwa mara ya pili gemu uliyoipenda

Ukisikia gemu uliyoicheza utotoni imetolewa upya, usianze na trela. Trela hutengenezwa na watu wanaojua vizuri nini kitakutoa machozi. Ingia YouTube, tafuta mtu anayeicheza kimya kimya bila maelezo, kisha ruka mpaka sehemu tatu: usiku, mvua ikinyesha, na pale mchezaji anaposimama juu ya mlima akitazama mbali. Sehemu hizo hazidanganyi. Zitakuonyesha kama walioifanyia kazi waliielewa gemu au waliipiga deki tu.

Mlima nautaja kwa sababu ya Grand Theft Auto (GTA): San Andreas. Kwa sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu ya Dar, hiyo ndiyo gemu yenyewe. Ilitoka mwaka 2004 kwenye PS2 (PlayStation 2), na miaka mingi baadaye bado watoto walikuwa wanasukumana kuikalia zamu. Kila banda lilikuwa na daftari la kodi, yaani mpangilio wa siri wa vibonye, kurasa zimekunjamana kwa jasho la mikono: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Ukipatia, unavuna hela, afya na fulana ya kuzuia risasi kwa mpigo. Misheni wengi wetu hatukuzimaliza, maana saa ya kulipia ilikuwa inakwenda na nyuma yako kuna mtu anakuhesabia dakika. Tulikuwa tunaendesha magari tu. Unatoka Los Santos, jiji la ndani ya gemu, jua linazama, hewa yote imegeuka rangi ya chungwa, mbele kuna ukungu na hujui barabara inakupeleka wapi. Nyumba zinapungua, inaanza njia ya mashambani, na wewe uliyekaa kwenye benchi la mbao unajiona umeshavuka mkoa.

Ukungu ule haukuwa wa urembo peke yake. PS2 ilikuwa na memori kuu ya megabaiti 32, haiwezi kuchora mji, milima na jangwa kwa wakati mmoja. Kisichochorwa ilibidi kifichwe. Ila waliofanya kazi ile walikuwa mafundi: upungufu wa mashine wakaupaka rangi ya machweo na moshi wa jiji, na jimbo ambalo kwa kweli ni dogo likaonekana halina mwisho.

Novemba 2021 likaja toleo la Definitive Edition, San Andreas pamoja na GTA III na Vice City. Ukungu ulikuwa umefyekwa. Unapanda Mount Chiliad, unageuka, na maghorofa ya Los Santos hayo hapo, jimbo zima limetandazwa mbele yako kama ramani ya ukutani darasani. Safari iliyokuwa ndefu kichwani mwako inakwisha papo hapo, maana umeshaona mwanzo na mwisho wake. Mvua nayo ilishuka kwa mistari mieupe minene, ukiendesha usiku huoni barabara. Kitu kilichonichekesha zaidi ni duka la donati liitwalo Tuff Nut. Bango lake la zamani lina nati kubwa, ile ya spana, yenye pembe sita. Kwenye toleo jipya nati ilitoka mviringo. Aliyelainisha maumbo, awe mtu au programu, aliona pembe akadhani ni kasoro ya zamani. Baadaye ilirekebishwa.

Rockstar, kampuni yenye gemu hizo, waliomba radhi hadharani mwezi uleule. Ila ilipofika Novemba 2024 ndipo PC na mashine za gemu zikapata sasisho lenye chaguo la mwanga wa zamani, na ukungu ukarudi. Kwa hiyo ukiinunua leo, sasisha kwanza, halafu ingia kwenye mipangilio uuwashe mwanga huo kabla hujacheza hata dakika. Kuna kimoja sasisho halitakirudisha: baadhi ya nyimbo za redioni. Haki zake ziliisha muda, zikaondolewa. Kama kumbukumbu yako ya San Andreas ni wimbo fulani ndani ya gari, diski yako ya PS2 usimpe mtu.

Sisemi kila kazi ya kurudia ni mbovu. Silent Hill 2, gemu ya kutisha ya mwaka 2001, iliponzwa na toleo la HD Collection la 2012, ukungu ukapungua na kingo za mji zikabaki uchi, mambo ambayo hayakukusudiwa yaonekane. Mwaka 2024 studio ya Bloober Team wakaisuka upya kuanzia chini, picha za kisasa kabisa, na ukungu wakauacha mzito. Watu wengi, hata waliokuja wamenuna, waliikubali. Mashine ya sasa haihitaji ukungu, lakini hadithi inauhitaji, na hao walilijua hilo.

Kuna pia zile zinazobaki nzuri huku zikiwa gemu nyingine. Resident Evil 2 ya 1998 kamera ilikuwa imegandishwa kwenye kona za vyumba, zombi unamsikia akiburuta miguu kabla hujamwona, na unaogopa kugeuka. Ile ya 2019 kamera inakaa begani kwako. Unaogopa bado, ila sasa unaogopa kilichopo mbele yako. Mimi ninazo zote mbili na sioni moja ikichukua nafasi ya mwenzake. Shida inaanza pale mtu anapouza ya zamani ili apate hela ya kuongezea ya mpya.

Sasa kuna ladha nyingine inayopotea bila mtu kugusa picha hata kidogo, na hii husemwa mara chache. Crisis Core ilitoka mwaka 2007 kwa ajili ya PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony. Ina misheni ndogondogo 300, nyingi ni za dakika chache tu. Mimi niliicheza kwenye daladala la Gongo la Mboto kwenda Posta. Foleni ya Tazara ilikuwa inatosha misheni mbili. Konda akidai nauli unasukuma swichi ya pembeni, kioo kinazima, unatoa hela, unasukuma tena na Zack, yule unayemchezesha, yuko palepale na upanga wake juu. Mwaka 2022 ikarudi kwa jina la Crisis Core Reunion, nami nikaicheza kwenye runinga. Picha safi, mapigano yamekuwa matamu kuliko zamani. Lakini misheni ni zilezile, korido ni zilezile, na ukiwa kochini hakuna kituo cha kushukia. Baada ya muda unajiuliza kwa nini unarudia kitu kimoja. Kwenye daladala swali hilo halikuwahi kunijia.

Na mashine zenyewe za mkononi zimekwisha. PSP ziliuzwa takriban milioni 80, Nintendo DS zaidi ya milioni 154. Vita, mrithi wa PSP, ilisimamishwa kiwandani mwaka 2019, 3DS, mrithi wa DS, mwaka 2020, na duka lake la mtandaoni likaacha kuuza Machi 2023. Simu zilikula soko, na Nintendo nao wakaona kutengeneza gemu za nyumbani mbali na za mkononi ni gharama mara mbili, wakaziunganisha mwaka 2017 kwenye Switch, inayochezwa mkononi na kwenye runinga. Switch ni mashine nzuri. Steam Deck, kompyuta ya gemu ya mkononi, pia. Lakini Steam Deck ya kwanza ina gramu 669, PSP-3000 ina gramu 189. Hii ya pili inakaa mfuko wa shati. Ile ya kwanza inataka begi, na kuitoa ndani ya gari la Mbagala saa 12 jioni kunataka moyo.

Ukipata PSP ya mtumba, mwambie muuzaji aiwashe kwa betri. PSP inawaka kwenye chaja hata bila betri, na wapo wanaokuonyesha hivyo tu, kisha unafika nyumbani na kasha la plastiki. Fungua mfuniko wa nyuma uitazame betri. Ikiwa imetuna, au mfuniko unabonyea na kurudi, achana nayo, na usiruhusu mtu aitoboe. Ya PSP-1000 ni nene, haiingii kwenye 2000 na 3000 ukafunga mfuniko wa kawaida. Zungusha kile kibonye cha kusukuma kwa dole gumba uone kama mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa. Ilaze kwa ile swichi, kaa kidogo, iamshe. Ikishindwa kuamka ndiyo hasara yenyewe, maana utamu wa PSP uko hapo. Memori kadi yake halisi ni ghali na za bandia ni nyingi, kwa hiyo chukua adapta inayopokea kadi ndogo za simu. Siku ukiiweka kabatini, betri ikae nje.

Asiyepata PSP ana PPSSPP kwenye simu, programu ya bure inayoigiza PSP na nzuri sana kama una diski zako za kunakili. Washa hali ya ndege kabla ya kuanza, la sivyo kundi la WhatsApp la ukoo litakukatisha katikati ya bosi. Tafuta na padi ya Bluetooth, kwa sababu vidole viwili kwenye kioo vinafunika robo ya mchezo. Na mafaili yanayosambazwa kwa jina la “San Andreas ya PPSSPP” yaache yalipo. San Andreas haikuwahi kutoka kwenye PSP. GTA za PSP ni Liberty City Stories, Vice City Stories na Chinatown Wars, basi. Hayo mengine ni gemu iliyobandikwa sura nyingine, au matangazo na virusi.

Kwa wenye PS2 bado: kwenye TV bapa kubwa picha yake inavutika na kufifia, usiilaumu gemu. Tafuta TV ya chogo kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajazimaliza mtaani. Mimi yangu nilipewa bure na jirani aliyechoka kuipisha sebuleni. Waya ni ule wa vichwa vitatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Ukiona picha inatoka nyeusi na nyeupe, usikimbilie kwa fundi. Ingia kwenye menyu ya TV, kwenye mfumo wa rangi, toa PAL uweke NTSC au auto.