Mchaichai umestawi, mbu wako palepale

SWALI: Asalaam aleikum. Nimeweka vyungu sita vya mchaichai na mrehani kwenye kiwanda cha ndani, yaani ua wa nyumba, kila kimoja na kisahani chake. Miezi mitatu sasa mbu hawajapungua, hasa alasiri, na ncha za mchaichai zinakauka. Nimekosea wapi?
Mama Z., Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Inua vyungu kwanza, utazame visahani. Ukiona vidudu vyembamba vinavyojipinda na kuzama ukivitia kivuli, hao ni viluwiluwi: mbu wanazaliwa chini ya dawa yenyewe. Kwa joto la pwani, yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mbu huyu wa mchana, mwenye mabaka meupe miguuni, hupenda maji ya nyumbani, na ndiye aliyeeneza homa ya chikungunya hapo Lamu mwaka 2004. Mayai yake hunata ukingoni, juu kidogo ya maji, na huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga tu hakutoshi. Visahani viondoe kabisa, vyungu uvipandishe juu ya matofali. Mitungi isugue kwa brashi kila wiki, kisha uifunike. Birika la chooni, yaani hodhi ya maji, litie samaki wadogo kama walivyofanya wazee. Watakula viluwiluwi wote.

Mmea uliotulia chunguni hautoi harufu ya kutosha kumfukuza mbu. Mafuta yamo ndani ya jani, hutoka likifikichwa au likipata moto. Jua likitua, chuma konzi moja ya mrehani, au kivumbasi ambacho ni kikali zaidi, fikicha, weka kwenye chetezo juu ya makaa yaliyoshika jivu. Tumia majani mabichi, kwani makavu hulipuka moto na kuisha upesi. Dirisha liwe wazi, na mtoto mchanga au mwenye pumu akae mbali. Moshi ukiisha mbu hurudi, kwa hiyo chandarua kisitoke kitandani.

Ncha kukauka, tunashuku chumvi ya maji ya kisima, na kisahani huirudisha kwenye mizizi kila siku. Mara moja kwa wiki mimina maji ya mvua au ya mfereji polepole, kiasi cha vyungu viwili kwa kila chungu, yatoke yote chini. Mchaichai unataka chungu chenye upana wa sentimita 30: mafungu mawili ya udongo, moja la samadi ya punda, moja la mchanga usio wa ufuoni. Samadi ikae miezi mitatu ioze. Mbichi huunguza mizizi. Na kama kiwanda hakipati jua saa sita kwa siku, upandishe darini.

SWALI: Mbegu za kivumbasi nimepanda mara mbili, hazioti.
Msomaji, Malindi

JIBU: Huenda umezifukia. Ni ndogo mno na zinataka mwanga: zimwage juu ya udongo ulioloa, zigandamize kwa kiganja, nyunyizia asubuhi na jioni. Wiki moja hadi mbili zitachomoza. Njia ya mkato ni kukata tawi la sentimita 10 lisilo na maua, chini kidogo ya kifundo, kuondoa majani ya chini na kulisimamisha kwenye glasi ya maji kivulini. Maji hayo yabadilishe kila baada ya siku mbili, maana glasi nayo huzaa mbu.