Tairi la nyuma linacheza? Jua linachezea wapi kabla hujalipia pikipiki

Msimu wa masoko ya tumbaku ukifika, pikipiki zilizotumika hapa Tabora hununuliwa kama karanga. Wakulima wanakuja kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge na pesa mfukoni, na madereva wa bodaboda wa mjini wanauza zile zilizokwisha choka. Ndugu na majirani huniita niwakagulie chombo kabla hawajalipa, na mimi huanzia tairi la nyuma. Injini mbovu ina kelele, hata asiye fundi ataisikia. Tairi la nyuma hukaa kimya mpaka siku umepakia magunia ya mkaa, unateremka, na mkia wa pikipiki unaanza kwenda upande wake.

Muuzaji akikuona unatikisa tairi na linagonga, jibu analo tayari: "Kaka, hiyo beringi tu, unabadilisha leo leo." Inawezekana ni kweli. Lakini tairi la nyuma hucheza kwa sababu kadhaa, na gharama zake hazikaribiani. Beringi ni pesa ndogo. Habu iliyokwisha, yaani kile kitovu cha tairi zinamokaa beringi, au swingamu iliyolika, ule mkono wa chuma ulioshika tairi pande mbili, ni habari nyingine kabisa, na wewe ndiye utakayelipa.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa ili tairi liwe hewani. Kama stendi imevunjika, na nyingi zimevunjika, tafuta tofali au gogo uweke chini ya fremu, mtu ashike usukani. Angalia upepo kwanza, maana tairi lenye upepo mdogo huyumba barabarani vilevile kama lenye beringi mbovu. Kisha tia spana kwenye nati ya ekseli, ule mhimili unaopita katikati ya tairi, uhakikishe imekaza. Nati ikiwa imelegea, vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Sasa shika tairi, mkono mmoja juu na mwingine chini, usukume na kuvuta kulia na kushoto. Wakati unatikisa, mwenzako achuchumae aweke kidole pale habu inapokutana na swingamu. Kazi yote iko kwenye kidole hicho. Habu ikisogea wakati swingamu imetulia, tatizo liko kwenye beringi au mahali beringi inapokaa. Habu na swingamu vikisogea pamoja, beringi zinasingiziwa. Fuata swingamu hadi mbele, inapofungwa kwenye fremu nyuma ya injini, uweke kidole hapo na utikise tena. Bushi, zile pete za kiungo hicho, zikiwa zimekwisha utaona chuma kinahama. Hapo usikubali kuambiwa beringi, hata muuzaji aape.

Kuna pikipiki ambazo habu imetulia, swingamu imetulia, na bado rimu inatembea. Hizo zina spoku zilizolegea. Zigonge moja moja kwa bisibisi: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, nayo ishike peke yake uitikise, kwa sababu pikipiki nyingi zina beringi ya tatu upande huo wa cheni, nayo husahauliwa hata na mafundi. Sproketi ikizunguka kidogo mbele na nyuma kabla tairi halijafuata, raba zilizo ndani ya habu ndizo zimelika. Hizo hazinipi shida sana, ni rahisi kubadilisha. Sproketi ikilala kulia na kushoto, ni beringi hiyo ya tatu.

Baada ya kutikisa, zungusha. Cheni ina kelele zake na breki ina za kwake, kwa hiyo muuzaji akikuruhusu kutoa cheni, itoe. Kama hataki, weka ncha ya bisibisi kwenye swingamu karibu na ekseli na mpini wake sikioni, kisha zungusha tairi taratibu. Beringi nzima inapita kimya. Iliyokwisha inasaga, na mkono ulio kwenye tairi unahisi vikwaruzo vidogo vidogo kila mzunguko. Chungulia pia sili, ile raba ya kuzuia maji, pembeni mwa ekseli. Ukikuta unga wa rangi ya kutu umezunguka pale, maji yameshaingia ndani na grisi haipo. Pikipiki zetu masika zinavushwa kwenye mbuga za mpunga, na habu iliyopata moto wa breki ikitumbukizwa kwenye maji baridi huyanyonya ndani kupitia sili iliyochoka.

Kuna jambo moja ambalo limewatia watu wengi hasara, nalo ni spesa. Jirani yangu wa Ipuli alinunua pikipiki iliyokuwa inakula beringi. Anafunga mpya, haimalizi mwezi, na kila fundi anamwambia amepigwa, beringi ni feki. Tulipoifungua tukakuta beringi zake ni za kawaida tu. Katikati ya beringi mbili za habu kuna kipande cha bomba, ndiyo spesa, ambacho hutenganisha pete za ndani ili nati ya ekseli ikikazwa zisibanwe. Chake kilikuwa kimegongwa na nyundo huko nyuma mpaka midomo imepinda na urefu umepungua. Kila nati ilipokazwa, pete za ndani zilisukumwa kuelekeana, gololi zikawa zinatembea upande, zinapata moto na kufa. Kuligundua hili ni rahisi: kaza nati, zungusha tairi; legeza, zungusha tena. Likiwa zito nati ikikazwa na jepesi ikilegezwa, shuku spesa. Hakikisha tu breki haigusi, maana nayo inaweza kulifanya zito.

Ukipata nafasi ya kufungua kabisa, angalia beringi inavyotoka. Inatakiwa itoke kwa kugongwa. Ikidondoka mkononi, au ukikuta fundi aliyepita amepiga vidoa vya sentapanchi (chuma chenye ncha kali) kwenye habu, au ameviringisha kipande cha kopo la soda ili ibane, basi habu yenyewe imepanuka. Beringi mpya itakaa kwa muda tu kisha itaanza kuzunguka ndani ya habu. Hesabu bei ya habu nzima ndipo uzungumze na muuzaji, na kama hashuki, acha.

Wakati wa kufunga mpya, soma namba iliyo kwenye beringi ya zamani, usiende dukani kwa kukisia. Tarakimu mbili za mwisho zinaonyesha tundu la ndani: 6301 ni ya ekseli ya milimita 12, 6202 ni ya milimita 15. Kwa vumbi na mchanga wa huku chukua yenye herufi 2RS, imefunikwa kwa raba pande zote mbili. Ikigongwa kuingia, igongwe pete ya nje peke yake, kwa kutumia beringi ya zamani au boksi spana inayolingana nayo. Fundi akiigonga pete ya ndani mzuie pale pale, maana anaiua kabla haijatembea. Upande mmoja uingie mpaka mwisho, spesa iwekwe, kisha upande wa pili uingie mpaka uguse spesa na kuishia hapo.

Siku ya kwanza endesha bila mzigo mzito. Ukisimama baada ya mwendo ambao hukutumia sana breki ya nyuma, gusa habu kwa mkono. Ikiwa ya moto, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo afungue mbele yako, na aanze na spesa.