Jibu: Darapti ni sahihi au si sahihi?

Habari mkuu. Nimekuelewa: kitabu cha zamani kinaikubali Darapti, aina ya hoja ya mantiki (M zote ni P, M zote ni S, kwa hiyo baadhi ya S ni P; M, P na S ni makundi ya vitu), mhadhiri wako anaikataa.

Kwanza angalia kitabu kinafuata mantiki ipi. Aristotle aliikubali hoja hii, na wasomi wa Zama za Kati ndio walioipa jina. Anayemfuata Frege (1879), mwanamantiki Mjerumani, ataikataa. Tofauti iko kwenye "zote". Kwa Frege maana yake ni hii tu: kitu kikiwa M, basi ni P. Hasemi kwamba M ipo.

Mimi nikifundisha wadogo zangu hutumia basi. Abiria wote wasio na tiketi watatozwa faini. Abiria wote wasio na tiketi watashushwa. Kwa hiyo baadhi ya watakaoshushwa watatozwa faini. Sasa chukulia kila mtu kalipa. Masharti yote mawili yanabaki kweli, lakini hakuna anayeshushwa, hitimisho limeanguka.

Kwenye mtihani chora duara tatu za Venn zinazopishana (moja kwa kila kundi), tia kivuli sehemu zisizo na kitu, halafu tafuta alama ya x, inayoonyesha kuna kitu, pale S na P zinapokutana. Hutaiona. Ongeza sentensi "kuna angalau M moja" na hoja inasimama tena. Kati ya aina 24 za hoja ambazo jadi inazihesabu sahihi, 9 zina shida hiihii, kwa hiyo usiikariri Darapti peke yake. Binafsi sioni kama Aristotle alikosea. Frege alikuwa na hesabu kichwani, na huko seti tupu (kundi lisilo na kitu ndani) ni jambo la kila siku.